Padel kwa anayeanza: uache mpira ufike kwenye kioo

Padel ni mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, ila unachezwa ndani ya kuta. Raketi ya bei kubwa isubiri. Kodi au azima ya duara, nyepesi, na kamba yake uivae mkononi; hiyo ni sheria, si pambo. Uwanja ni mita 20 kwa 10, mnacheza wanne, wawili kwa wawili, na pointi zinahesabiwa kama tenisi: 15, 30, 40. Nyuma kuna kioo, pembeni kioo kinaishia kwenye uzio wa waya. Enrique Corcuera aliubuni mchezo huu Acapulco, Mexico, mwaka 1969, na kuta zimekuwa sehemu ya mchezo tangu hapo.

Hatua ya 1: Sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi. Simama nyuma ya mstari wa sevu, dundisha mpira, uupige ukiwa hauzidi kiuno, uende mshazari. Una nafasi mbili. Nguvu achana nazo.

Hatua ya 2: Kioo. Hapa ndipo wageni wote wanapokwama. Mpira unakuja kwa kasi, unadunda mbele yako, mkono unakuwasha. Uache upite! Geuka ubavu, rudi nao nyuma, raketi iwe imeshatangulia chini. Mpira ukigonga kioo utatoka umepoa, ndipo uupige ukiwa mbele ya mwili wako. Ila usiegemee kioo: ukikosa nafasi ya kunyoosha mkono, mpira utakukuta tumboni.

Zoezi langu ninalolipenda halihitaji raketi. Mwenzako arushe mpira kwa mkono, udunde, ugonge kioo, wewe uudake. Watu wazima hulionea aibu, na ndio wanaolihitaji zaidi.

Hatua ya 3: Wavuni. Mnapanda pamoja, mnarudi pamoja. Waliokaa wavuni ndio wenye mchezo. Kuwaondoa, wapandishie mpira wa juu upite vichwa vyao.

Maswali ya wanachama

*Kocha, nikipiga mpira ukagonga kioo cha wapinzani bila kudunda?*
Pointi yao. Lazima udunde kwao kwanza. Lakini ukibanwa, unaruhusiwa kuupiga kwenye kioo chako mwenyewe ukavuka wavu.

*Sevu imedunda vizuri, halafu ikagusa waya. Ni halali?*
Hapana, ni kosa. Ingegusa kioo, mchezo ungeendelea.

*Shikamoo kocha. Sevu ya mpinzani naweza kuipokea hewani?*
Marahaba. Huwezi, isubiri idunde. Baada ya hapo piga hewani upendavyo, mradi mpira umeshavuka kuja upande wako.

*Nimecheza tenisi miaka mingi, mbona hawa wapya wananifunga?*
Kwa sababu unapiga kwa nguvu, mpira unagonga kioo chao na kuwarudia mzuri kabisa. Fupisha mkono. Piga polepole, chini, kwenye kona kioo kinapokutana na kioo; mpira ukitoka pale hata mzoefu hubahatisha.