Bustani ya mtaa hatua kwa hatua, na kona isiyofagiwa

Kiwanja chetu hapa Dar kilikuwa jalala. Sasa tunachuma mchicha, na asubuhi ndege chozi wanakuja kwenye maua. Naandika kwa wanaotaka kuwahi mvua za vuli, Oktoba.

1. Karatasi kabla ya jembe. Pateni ruhusa ya maandishi kwa mwenye eneo, nakala ibaki serikali ya mtaa. Sisi tulianza kwa mdomo tu, tukamwagiwa kokoto juu ya bamia zilizoanza kutoa maua.

2. Safisheni. Jumamosi mbili za msaragambo zinatosha.

3. Matuta. Upana usizidi mita 1, ufike katikati bila kukanyaga udongo. Udongo wetu ni kichanga, maji hayakai, kwa hiyo samadi ni lazima, tena iliyoiva. Ishike kiganjani: hainuki, haina joto, inamong'onyoka. Mbichi itaunguza miche. Juu tandazeni nyasi kavu.

4. Anzeni na mchicha. Wiki ya tatu au ya nne mnachuma, na watu wanaojitolea bila kuona mboga huchoka haraka. Matembele: pandeni marando (vipande vya shina) tu, macho mawili yawe chini ya udongo.

5. Kona ya viumbe. Gogo lililooza, rundo la mawe, alizeti, kunde za kuachia nyuki maua, beseni la maji. Majani yakianguka, yaache! Hapa ndipo kazi ilipo, maana sisi uwanja usiofagiwa tunauona aibu. Ilibidi tuzungushe kamba ya katani kuzuia mafagio. Chini ya gogo letu anaishi chura. Tukimwagilia jioni anatoka, anakaa kando ya tuta la chainizi kama mlinzi wa zamu, akidaka wadudu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Hiyo kona si italeta nyoka?*
Marahaba. Anaweza kuja. Anafuata panya, na panya wanafuata makombo, kwa hiyo ugali usitupwe kwenye mboji. Kona iwe mbali na njia ya watoto. Gogo liinueni kwa reki, si kwa mkono, na vaeni buti.

*Na mbu kwenye beseni?*
Mwageni maji kila siku ya tatu, kisha msugue. Kumwaga peke yake hakutoshi: mbu wa dengi hubandika mayai ukingoni mwa chombo, yanasubiri maji yarudi.

*Nani anachuma?*
Kila familia ina tuta lake. Mawili ya karibu na lango ni ya yeyote mwenye shida, haulizwi. Anayekosa msaragambo mara tatu, tuta linapewa mwingine. Mapapai ndiyo bado hatujaelewana.