Kujifunza kuwinda pweza mwambani: anza kwa shangazi yako

Wapo wengi wanaouliza mtu aanzie wapi kujifunza kuwinda pweza, hasa vijana waliokulia mjini na watu waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi, na jibu langu halibadiliki, anzia kwa mtu wa kwenu. Kama asili yako ni Jambiani, Bwejuu, Makunduchi kule Unguja, au Pemba au Mafia huko, haiwezekani ukakosa shangazi au bibi au mke wa mjomba ambae kaenda pwani toka mtoto mpaka leo. Huyo ndo mwalimu. Video za mtandaoni zitakuonesha mtu anamvuta pweza shimoni lakini hazitakwambia shimo liko wapi kwenye mwamba wa kwenu, na hilo ndo elimu yenyewe, mengine yote yanafuata.

Unamuombaje? Kwa adabu tu na mapema. Unaenda nyumbani jioni, unamwambia shikamoo shangazi, bamvua hili nataka twende wote mwambani unifundishe. Atakujibu marahaba mwanangu, njoo, lakini kikapu utabeba wewe. Kubali. Siku za mwanzo kazi yako ni kubeba kikapu na kuangalia, usitake kushika mchokoo, yani fimbo ya kumchokolea pweza tunduni, siku ya kwanza mana utakua unachokoa kila tundu unaloliona na utamchosha, na matundu yenyewe utayachafua bure.

Kabla ya hapo lazima ujue maji. Pweza anawindwa kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba unabaki wazi, na bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Wazee wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu kwahiyo ukisikia mtu anauliza leo mwezi ngapi usidhani anaulizia Ramadhani, anapiga hesabu ya maji. Kuanzia kama mwezi 14 mpaka 18, na kuanzia 29 mpaka 3 ya mwezi unaofata, hizo ndo siku zenyewe. Kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakua yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana hivi, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, kwahiyo ukijua ya leo ya kesho unayo. Siku za maji mafu usijisumbue, maji hayatoki sana na mwamba wenyewe unabaki umefunikwa. Mwambie shangazi akufundishe hesabu hii kwa mdomo mpaka uweze kuifanya bila kalenda wala simu.

Mnatoka nyumbani maji yakiwa bado yanakupwa, sio yakishakupwa. Mnayafata nyuma yanavyotoka, mnafika kwenye mwamba wa nje nayo yanafika chini. Kama uko Paje au Jambiani njiani utapita kwenye mashamba ya mwani, kilimo hicho kilianza huko 1989 na mpaka leo kinamama wengi wanaishi kwa hicho, basi zunguka, usikanyage kamba wala kung'oa vijiti vya watu. Huyo unaemkanyagia kamba pengine ndo mama mdogo wa mtu utakaetaka akufundishe kesho.

Viatu ni lazima. Vaa raba zilizofunga mguu mzima, zenye soli ngumu, yeboyebo hapana. Mwambani kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, ukimkanyaga miiba inakatikia ndani ya nyama na utalia, lakini huyo ana afadhali mana unamuona. Wa kuogopa ni yule samaki anaefanana na jiwe kabisa, analala hatikisiki, ana majani majani mwilini na miiba ya mgongoni ina sumu kali sana. Mtu akichomwa na huyo mtoeni majini, loweka mguu kwenye maji ya moto, ya kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, na wakati huo huo mwengine anatafuta usafiri wa hospitali, msikae kusubiri ipoe. Na wale konokono wa baharini wenye umbo la pia, gamba lina michoro mizuri ya kahawia na nyeupe, usiwaokote hata kidogo, wengine wanachoma kwa sumu inayoweza kuua mtu. Watoto ndo wanapenda kuwaokota kwahiyo ukienda na mtoto mwambie kabla hamjashuka.

Haya sasa mwambani. Hapa tembea nyuma ya shangazi, sio mbele na sio ubavuni, na kivuli chako kisimpite. Utaona anakwenda taratibu, kichwa chini, halafu anasimama mahali ambapo wewe huoni chochote. Muulize. Muulize kila anaposimama, umeona nini hapo? Wengi wao hawajazoea kueleza, wameshazoea kuona tu, kwahiyo wewe ndo umvute maneno. Atakwambia angalia, hapo kuna maganda ya kaa na vipande vya chaza vimetupwa nje ya tundu, na maganda hayajaota uchafu bado, yani kala jana au leo. Pweza anakula nyumbani kwake na takataka anazisukuma mlangoni. Kisha atakuonesha vijiwe vidogo vilivyopangwa mdomoni mwa tundu, bahari haipangi mawe hivo, kayavuta mwenyewe kwa minyiri yake, ile mikono yake mirefu, ajifungie. Mchanga wa mlangoni unakua umefagiliwa. Na ukikaa kimya ukaangalia maji yaliyobaki kidogo pale tunduni utaona yanatikisika, yanaingia yanatoka, huyo anapumua.

Jicho ndo la mwisho kulijua na ndo linalochukua muda zaidi. Pweza wa kwetu huyu wa mwambani anawinda mchana, mara nyingi anakaa na macho yamechomoza nje ya tundu anakuangalia wewe, rangi yake ni ya jiwe, na hata ngozi anaikunja inakua na vinundu sawasawa na mwamba. Utaangalia pale pale shangazi anapoonesha kwa kidole na hutaona kitu. Usiseme nimeona kama hujaona! Sema sijamuona shangazi, nioneshe tena, mpaka uone ule mstari mweusi wa mboni umelala. Ukishaliona jicho moja, la pili utalitafuta mwenyewe, na hapo ndo utajua umeanza kujifunza.

Mchokoo. Wengine wanatumia mti mgumu uliochongwa ncha, siku hizi wengi wanatumia nondo nyembamba iliyopindwa kidogo mbele. Kinachotakiwa ni mkono mwepesi. Unaingiza taratibu, unamgusa, unamsumbua kidogo, na yeye mwenyewe ataushika mchokoo kwa minyiri. Akishika usivute kwa nguvu, ukivuta kwa nguvu anajibana ndani na akijibana huyo hatoki hata muwe wawili, atakatika mnyiri mmoja ubaki nao mkononi na yeye amebaki. Vuta kidogo, legeza, vuta, legeza, akiona anachosumbuliwa nacho kinakimbia anakifata nje, na mwili ukifika mlangoni hapo ndo unamshika kwa mkono nyuma ya macho na kumtoa kwa mara moja. Atakuzungushia minyiri mpaka kwenye kiwiko, ni kawaida, usipige kelele na usimsogeze usoni, mdomo wake uko chini katikati ya minyiri na anauma. Muue haraka, ncha katikati ya macho, au pindua kichwa nje ndani kama ulivyooneshwa. Kumuacha anateseka kikapuni sio vizuri na tena anatoka, pweza anapita penye upenyo mdogo kuliko unavyofikiria.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri mana ndo sababu nimeandika yote haya. Usivunje tundu. Usigeuze jiwe ukaliacha limepinduka, na usipige matumbawe kwa nondo ili mlango upanuke. Tundu zuri pweza mmoja akitoka mwengine anakuja kuhamia, bamvua linalofata ukirudi pale pale kuna mtu ndani, na hiyo ndo maana shangazi anatembea mwamba mzima bila kutafuta, anapita nyumba anazozijua kwa miaka, nyengine alioneshwa na mama yake. Ukivunja mlango umemaliza, hakuna pweza atakaekaa kwenye tundu lisilombana. Watu wanalalamika pweza wamepungua na ni kweli wamepungua, wanunuzi wanasubiri pwani na mizani, pweza wanagandishwa wanapelekwa mpaka Ulaya, kila mtu anataka kilo, lakini tembea kwenye mwamba uone matundu yalivyobomolewa utaelewa na sababu nyengine. Sumu ya utupa, ule mmea wa kulevya samaki, ndo kabisa, inaua mpaka vifaranga vya samaki na ni kosa la sheria.

Na wadogo waache. Kanuni za uvuvi za Tanzania bara zimeweka gramu 500 kua ndo mwisho wa chini, asiefika nusu kilo bado ni mtoto, mrudishe. Pweza anakua haraka mno, ukimuacha sasa hivi baada ya miezi michache ni mwengine kabisa. Jike aliekaa juu ya mayai pia muache, utamjua kwa sababu tundu kalifunga kwa mawe na hatoki hata ukimsumbua, na ukichungulia juu ya paa la tundu utaona vishada vyeupe vinaning'inia. Hayo ni maelfu ya mayai. Yeye hali tena mpaka yaanguliwe na baada ya hapo anakufa, maisha yake yote ni kama mwaka mmoja na kitu, kwahiyo huyo hupati hata nyama ya maana, amekonda mwili wote.

Uliza pia kama mwamba umefungwa. Kuna vijiji vinafunga sehemu ya mwamba kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, pweza wakue halafu wanafungua siku moja watu wote wanaingia. Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya, na Madagascar kijiji cha Andavadoaka walianza toka 2004. Kwa Zanzibar muulize mtu wa kamati ya uvuvi ya shehia, kwa bara na Kenya muulize wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa pwani yao, na hapo hapo uliza mambo ya leseni. Usiingie sehemu iliyofungwa kwa kisingizio eti mimi mgeni sijui, shangazi yako ndo ataaibika sio wewe.

Kuhusu kurudi, hapa wageni ndo wanapoteza maisha. Mwamba wa nje uko juu kuliko bahari ya katikati, kati ya mwamba na pwani pana sehemu za chini na mikondo, kwahiyo maji yakigeuka yanaanza kujaa nyuma yako wakati wewe ulipo bado pakavu na unaona una muda. Huna. Shangazi akisema turudi, unarudi, hata kama jicho liko mbele yako linakuangalia. Msimu wa kusi ndo zaidi, upepo unasukuma maji na mawimbi yanavunja juu ya mwamba kwa nguvu, siku nyengine hata wenyewe hawashuki.

Ukishaweza kwa miguu, hapo tafuta rafiki anaezamia. Vijana wengi wanazamia nje ya mwamba na miwani na mkuki, kule pweza ni wakubwa zaidi, na hiyo kazi unajifunza kwa rafiki wa umri wako anaejua kweli, sio anaejisifu kijiweni. Sharti ni moja, mmoja chini mmoja juu anaangalia, mnapokezana. Usizamie peke yako hata siku moja na usivute pumzi nyingi nyingi za haraka kabla ya kushuka ukidhani utakaa zaidi, hiyo inamfanya mtu azimie ndani ya maji bila dalili yoyote, na anaezimia chini hapigi kelele. Kama rafiki yako hataki kusubiri juu wewe ukiwa chini huyo mwache, tafuta mwengine.

Pweza wa siku za mwanzo mpe shangazi agawe yeye. Atakupa wako, usiwe na wasiwasi, na utaona nani anapata nini kwenye mtaa, nani mgonjwa, nani mwanawe hayupo, hayo nayo unajifunza pale pale.

Kuhusu kupika nitasema kidogo tu mana kila nyumba ina yake. Mtoe matumbo na mfuko wa wino, mpige. Mpige kwelikweli juu ya jiwe au kwa mti mpaka atoe povu na minyiri ilegee, ukifanya uvivu hapa utatafuna mpira. Akiingia sufuriani usimtie maji wala chumvi mwanzoni, anatoa maji yake mwenyewe na yanatosha kumchemsha, chumvi na ndimu baadae, halafu tui la nazi mwishoni kabisa. Wa ziada muweke kwenye friza, akiganda usiku mzima nyama inalegea hata kupigwa hahitaji sana.