Vifaa vya kutunzia bunduki nyumbani: anza na bisibisi, seti kubwa iache dukani

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo bunduki ni ya askari, ya mlinzi wa benki, au ya mzee mmoja kijijini mwenye gobole. Halafu mtu anahamia Marekani, wenzake kazini wanamzoesha kwenda kuwinda kulungu, na sasa ana bunduki ndani ya sefu na hajui aitunze kwa vifaa gani.

Kabla ya vifaa, karatasi. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki silaha. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika risasi, isipokuwa aangukie kwenye masharti ya pekee, kwa mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana yao: Illinois inadai FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha, Texas haina kitu kama hicho. Usimsikilize rafiki wa jimbo jingine.

Ukienda dukani utaoneshwa sanduku lenye vipande themanini na zaidi. Linavutia, ila vingi humo hutavigusa maisha yako yote. Pesa iweke kwenye bisibisi. Bisibisi bapa ya kawaida, ile ya kufungia soketi ya umeme, ncha yake imechongwa kama kabari: inakaa juu ya mfereji wa skrubu, ukiikaza inapanda na kuteleza. Matokeo yake ni skrubu iliyoharibika mfereji na mkwaruzo mrefu kwenye chuma. Bisibisi za mafundi wa bunduki zina ncha yenye pande sambamba, inayojaa mfereji mpaka chini. Chukua mpini mmoja na ncha za kubadilisha, kisha jaribu kila ncha kwenye skrubu zako. Inayocheza siyo yako. Wheeler na Brownells wanauza za namna hiyo, na ncha moja ikivunjika unanunua hiyo tu.

Ongeza alenkii (funguo za pembe sita) za inchi. Sisi tumezoea milimita, na hapa ndipo watu huharibu: ya milimita inaingia kwenye tundu la inchi, inashika kidogo, kisha inaviringa pembe zote. Vishikio vya darubini ya kulengea shabaha mara nyingi hutumia ncha za nyota, T10 au T15. Ukifunga darubini mwenyewe, tafuta bisibisi yenye kipimo cha mkazo. Vishikio vingi hutaka pauni-inchi 15 hadi 25, na mkono wa mtu aliyezoea tairi za lori hupitiliza hapo bila kujua. Fuata namba ya aliyetengeneza.

Panchi za kutolea pini: inchi 1/16, 3/32 na 1/8 zinatosha. Mwenye bastola ya Glock atashangaa jinsi hiyo ya 3/32 peke yake inavyofanya karibu kila kitu. Nyundo iwe ndogo, yenye uso wa nailoni upande mmoja na shaba upande wa pili.

Kwa usafi, nunua brashi ya kipenyo cha mtutu wako hasa. Ya 9mm haifai kwenye mtutu wa .308. Ufito uwe wa kipande kimoja, maana ile ya kuunganisha hukwaruza kwenye viungio. Sukuma kutoka chemba, yaani nyuma inakokaa risasi, kwenda mdomoni kila muundo wa bunduki unaporuhusu, kwa sababu ukingo wa mdomo ukilika, shabaha inapotea. Vitambaa kata kutoka fulana kuukuu ya pamba. Dawa ya kuondoa masizi na mafuta ni chupa mbili tofauti. Mafuta paka kidogo sana, maana yakizidi hukusanya vumbi na huganda kwenye baridi ya Minnesota.

Hakikisha mara mbili kuwa chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote ziwe chumba kingine. Fungua dirisha, vaa glavu na miwani ya kinga, na usifanyie kazi hii kwenye meza ya chakula: masizi yana madini ya risasi, na watoto ndio huumia zaidi.

Kifyatulio usikichonge, mtutu usiufupishe. La kwanza ni hatari, la pili linaweza kukupeleka jela ya shirikisho. Kazi hizo zina mafundi wenye leseni.

Na kama kaka yako Nanyuki au Morogoro ana bunduki ya shamba na anaomba umletee vifaa, brashi na bisibisi havina tatizo, ila zana ndefu kuliko inchi 7 ziweke kwenye mzigo wa chini ya ndege. Dawa zinazoshika moto haziruhusiwi kwenye begi lolote. Vipuri vya silaha vina sheria zake huku na kule, kwa hiyo avitafute huko huko kupitia muuzaji mwenye kibali.