Ukitishiwa Ukiwa Ndani ya Gari
Anayeendesha usiku kati ya Kasulu na Kibondo, au anayekatiza misitu ya miombo kutoka Urambo kwenda Kaliua, akumbuke kwamba gari linalotembea ndilo kinga yake ya kwanza, na kwamba likisimama hugeuka chumba chenye milango minne ambayo mtu wa nje anaweza kuifungua. Kwa hiyo funga milango kabla hujaondoka, na unaposimama nyuma ya lori, acha nafasi ya kuona matairi yake ya nyuma yakigusa lami, ili uweze kulikwepa bila kurudi nyuma.

Ukiona magogo barabarani, usiyasogelee. Geuza ungali mbali, urudi hadi kwenye kijiji au kizuizi cha polisi, ndipo upige 112.

Akija mtu na rungu akigonga kioo, na mbele kuna upenyo, ondoka. Akiwa na bunduki karibu nawe, hesabu hubadilika: mwachie gari. Onyesha mikono, mweleze kwa sauti kabla ya kugusa mkanda, na kama kiti cha nyuma kuna mtoto, litaje hilo kwanza. (Simshauri mtu ashindane na risasi kwa ajili ya Noah ya mkopo.)

Kumgonga mtu kwa gari ni kutumia nguvu inayoweza kuua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na tishio. Aliyekwisha kukimbia usimfukuze.