Somo: Kuomba ufadhili na mkopo wa Helb bila kujiharibia bendi

Nina saiba, duka la intaneti, hapa Kayole, Nairobi. KUCCPS, ile idara ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, ikishagawa nafasi tu, maswali ni yaleyale tangu nafungua mlango hadi nafunga. Kwa hivyo nayaweka hapa mara moja. Ukiuliza kitu kilicho humu nitakujibu kwa namba ya hatua, usinune.

Kwanza elewa pesa zenyewe. Tangu 2023 kila mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu cha umma hupimwa kivyake, na karo yake hugawanywa mara tatu: ufadhili, ambao haurudishwi, mkopo wa Helb (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), ambao utarudishwa, na sehemu ya familia. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024 kuna bendi tano, yaani makundi ya uwezo wa familia. Bendi ya 1 hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Bendi ya 2 ni 60, 30 na 10. Ya 3 ni 50, 30 na 20. Ya 4 ni 40, 30 na 30, na ya 5 ni 30, 30 na 40. Juu ya hapo kuna pesa za matumizi, kuanzia 60,000 kwa mwaka bendi ya 1 hadi 40,000 bendi ya 5.

Pesa za matumizi ni mkopo. Narudia kwa sababu hakuna anayesikia. Tuseme kozi yako ni 200,000 kwa mwaka na uko bendi ya 3. Ufadhili 100,000, mkopo wa karo 60,000, mzazi 40,000. Matumizi ni 50,000. Deni lako la mwaka wa kwanza ni 110,000, si 60,000. Kozi ya miaka minne unatoka na deni la 440,000 kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kabla hujaenda kuchagua simu kwenye maduka ya Luthuli.

Hatua ya 1. Pata nafasi kupitia KUCCPS na upakue barua ya kujiunga. Walio vyuo vikuu vya kibinafsi waombe mkopo tu.

Hatua ya 2. Kusanya kitambulisho chako, vitambulisho vya wazazi (au cheti cha kifo), namba ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) na mwaka, picha ya pasipoti, na vitambulisho vya wadhamini wawili. Kama sekondari ulisomeshwa na mfadhili, beba barua yake.

Hatua ya 3. Fungua akaunti kwenye hef.co.ke. Tumia barua pepe yako na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, si ya mamako, si ya shemeji. Kuna msichana aliletwa hapa na mjomba wake akilia. Saiba aliyoanzia ilimfungulia akaunti kwa barua pepe ya kijana wa pale kaunta, na yule kijana alishaacha kazi. Nenosiri hakuna, ujumbe wa kuthibitisha unaenda kwa simu ya mtu mwingine. Nani alimtuma afanye hivyo? Wanafunzi kumi wako kwenye foleni, na kufungulia kila mmoja barua pepe ni dakika kumi ambazo halipwi. Kwa hivyo fungua barua pepe nyumbani, uje nayo ikiwa imeandikwa kwenye daftari.

Hatua ya 4. Maswali ya nyumbani. Hapa ndipo bendi inapopatikana, na hapa ndipo watu wanaharakisha. Utaulizwa wazazi wanafanya kazi gani, wanapata ngapi, mko wangapi, nani yuko shule na analipa karo gani, wewe mwenyewe ulisoma wapi. Njoo na mzazi. Simu haitoshi, mzazi akae kando yako aone skrini.

Nikueleze kwa nini, na hili ndilo onyo la kwanza. Mama ana kibanda cha mboga. Anatoka saa kumi alfajiri kwenda soko la Marikiti, ananunua sukuma, nyanya na vitunguu vya 3,000. Jioni ameuza 3,800. Mkokoteni na matatu zimekula 200. Amebaki na 600, na Jumapili hafungui. Kwa mwezi wa siku 26 hiyo ni 15,600. Sasa mtoto anakuja peke yake, anakumbuka mama huhesabu 3,800 kila jioni, anazidisha mara 30 na kuandika 114,000. Kompyuta haijui Marikiti. Inaona familia ya laki na kitu kwa mwezi, na inaipanga hivyo. Mauzo si mapato. Ni hivyohivyo kwa baba wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkopo, na fundi wa mjengo anayepata kazi wiki mbili kisha anakaa tatu.

Onyo la pili ni kwa wajanja. Usigeuze hesabu upande ule mwingine. Kutoa habari za uongo ni kosa chini ya sheria ya Helb ya 1995. Na usimruhusu mtu wa saiba, hata mimi, akubandikie jibu kwa sababu "hii ndiyo hupita." Hakuna jibu linalopita. Kuna ukweli wa nyumbani kwenu.

Onyo la tatu, karo za ndugu zako. Watu huacha pale wazi kwa uvivu. Kama dada yuko kidato cha tatu na mdogo yuko sekondari ya msingi, andika.

Hatua ya 5. Wadhamini: waambie kabla hujawaandika.

Hatua ya 6. Tuma, piga picha ya skrini, hifadhi.

Hatua ya 7. Ukipewa bendi isiyofanana na hali yenu, kata rufaa kwenye tovuti hiyohiyo na utoe ushahidi. Ufadhili na mkopo wa karo huenda chuoni moja kwa moja, matumizi huja kwako. Hali ya mkopo unaangalia kwa *642#. Na mkopo huombwa upya kila mwaka, usikae ukidhani utajileta.

MASWALI

Kevo wa Soweto: Kaka tovuti ni gani?
Jibu: Hatua ya 3.

Mwanafunzi Mpya: Niko shamba, nikutumie kitambulisho na nenosiri WhatsApp unijazie, nitume 300?
Jibu: Hapana. Umesoma hatua ya 3 na ya 4 kweli? Usimtumie mtu yeyote nenosiri.

Mama Wambui: Habari zako. Mimi na baba ya mtoto tuliachana akiwa darasa la pili. Ana kazi nzuri lakini shilingi yake hatujawahi kuiona. Kitambulisho chake ninacho cha zamani. Nimuandike?
Jibu: Salama mama, asante kwa kuuliza kabla ya kujaza. Jaza hali ilivyo leo, kwamba wewe ndiwe mzazi unayemlea na kumsomesha. Kipato chake kikiingia humo, mtoto atapimwa kwa pesa zisizofika mezani kwenu. Nenda kwa chifu wa mnapoishi, si wa ushago, akuandikie barua inayosema mtoto analelewa na mzazi mmoja. Ihifadhi pamoja na risiti za karo ulizolipa sekondari, zile zenye jina lako. Bendi ikitoka vibaya, utakatia rufaa nazo. Ukikwama pita hapa, kikao hicho sikulipishi.

Baba Otieno: Lakini mahakama si ilitupa huu mpango?
Jibu: Mzee wangu, Mahakama Kuu iliamua Desemba 2024 kwamba unakiuka katiba. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025, kwa hivyo maombi yakaendelea. Usimwache mtoto akae bila kuomba akisubiri majaji.

Jirani Mkweli: Somo zuri lakini ni hadithi. Nilijaza ukweli nikapewa bendi ya 5. Jirani ana gari, mtoto wake bendi ya 2.
Jibu: Sikuandika kwamba mtambo haukosei, ndiyo maana kuna hatua ya 7. Ulikata rufaa?
Jirani Mkweli: Sikujua iko.
Jibu: Basi sasa unajua. Acha gari la jirani, leta karatasi zako.

Achi: Kaka, nisipolipa baada ya kumaliza?
Jibu: Unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ni 5,000 kila mwezi na jina linapelekwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni. Kama huna kazi, wafikie ukawaeleze. Wako Anniversary Towers, University Way, na wana meza Huduma Centre.

Njoro: Ile asilimia 20 ya nyumbani mzazi hana. Kuna njia?
Jibu: Swali zuri. Basari ya NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya eneobunge lako, na ile ya wadi kutoka kaunti. Ni fomu mbili tofauti, jaza zote. Utahitaji barua ya kujiunga, orodha ya karo ya chuo na muhuri wa chifu. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hivyo namba yako ya usajili isomeke vizuri. Nimeona hundi zikilala ofisi ya fedha kwa sababu hakuna aliyejua ni za nani.
Mama Wambui: Niongeze, piga kopi tano za kila karatasi siku moja. Chifu akikosa muhuri leo, usilipe nauli ya kopi kesho.
Jibu: Huyu mama angefungua saiba.

Kevo wa Soweto: Na pesa ya matumizi ikiingia M-Pesa na niko na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa?
Jibu: Inakatwa kwanza. Lipa Fuliza kabla, au utoke kwa Fuliza kabisa.
Kevo wa Soweto: Nikijisajilia laini ingine?
Jibu: Kevo. Hatua ya 3.