Meli ya watalii ikiruka Unguja: jipange hivi

Jamani nyie mnaotembeza wageni Mji Mkongwe, meli kubwa kuruka bandari, yaani kupita bila kushusha wageni, sio ajabu, hasa kipindi cha kusi kikikolea mwezi wa sita mpaka wa nane, kapteni akiona upepo hauruhusu ndo basi, neno lake la mwisho na hakuna wa kumpinga. Saa ingine meli inatia nanga nje na wageni wanaletwa na viboti vidogo, hapo wimbi likiwa kubwa hata kama meli yenyewe imetulia watu hawashuki, maana kumvusha mzee wa miaka 75 kwenye kiboti kinachoruka ruka ni hatari kwelikweli.

Sasa fanya hivi. Siku mbili tatu kabla angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi usinunue vyakula vyote mapema. Asubuhi fungua MarineTraffic, app ya kufuatilia meli, kwenye simu uone meli inaelekea wapi.

La muhimu zaidi ni pesa. Mgeni aliyelipia ziara kupitia meli mara nyingi hurudishiwa na meli, lakini aliyekulipa wewe moja kwa moja anakutegemea wewe, kwa hiyo mwandikie kwenye WhatsApp tokea mwanzo, meli isipofika unamrudishia ngapi na lini. Dereva nae mkubaliane mapema atapata nini akikaa bure, nae ana watoto, na kule shamba la viungo Kizimbani wapigie mara tu ukijua meli haiji.