Jumamosi ya Kutazama Ndege na Wanyama Jijini Nairobi Pamoja na Watoto

Familia nyingi za Nairobi huchukulia kwamba kutazama wanyama ni jambo la Maasai Mara au Tsavo, kwa hiyo huliahirisha hadi Desemba, na Desemba inapofika, nauli ya kwenda mashambani na karo ya Januari huwa zimekwisha kumeza pesa zote. Wakati huohuo, kwarara hupita juu ya mapaa yetu kila alfajiri wakilia, korongo wakubwa wenye upara hujenga viota juu ya migunga ya barabarani karibu na Uwanja wa Nyayo, na kinyonga hupanda ua wa kayaba polepole bila mtu kumwona. Mwongozo huu nauandika kwa mzazi au mlezi mwenye Jumamosi moja, watoto wawili watatu na nauli ya matatu. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: chagua mahali pamoja au pawili karibu na kwenu, kisha mrudi palepale mara kwa mara, kwa kuwa katika ziara ya kwanza mtoto hukimbiakimbia tu, na ni katika ziara ya tatu au ya nne ndipo huanza kuona.

Anza nyumbani, hata kama nyumbani ni ghorofa ya nne. Roshani inatosha kwa kumtazama mwewe, ambaye mkia wake una panda na huupindapinda kama usukani anapozunguka juu ya jaa la taka. Kwenye uwanja wa mtaa ambako nyasi zimekatwa, watafuteni kwarara wakiwa wameshuka. Kwa mbali ni ndege wa rangi ya majivu asiye na mvuto, lakini mkikaribia hatua kwa hatua mtaona kwamba bega lake humetameta kijani na zambarau jua likilipiga, na kwamba mdomo wake mrefu uliopinda huzama ardhini karibu wote, hutulia kidogo kama unaosikiliza, kisha huibuka na buu. Mtoto aliyeliona hilo mara moja hatausikia tena mlio wa kwarara alfajiri kama kelele tupu.

Kinyonga anahitaji subira zaidi, na anastahili. Mpekuzeni kwenye ua wa kayaba au kwenye vichaka vya bustani baada ya mvua. Mkimpata, chuchumaeni kiasi cha hatua moja kutoka kwake na msimguse. Vidole vya kila mguu wake vimegawanyika mafungu mawili yanayobana kijiti kama koleo. Jicho moja hutazama mbele huku lingine likimtazama mtoto wako. Na kabla ya kupiga hatua huyumbayumba mbele na nyuma, mfano wa jani linalopepewa. Katika vichaka vya Nairobi anapatikana pia kinyonga wa pembe tatu, ambaye dume ndiye mwenye pembe hizo usoni, na ambaye jike lake huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Nimewaona watoto wakimrushia kinyonga mawe kwa sababu waliambiwa kwamba ni mkosi au kwamba ana sumu. Hana sumu. Mzazi akichuchumaa naye akatazama bila hofu, woga huo hupungua palepale, na sijaona njia nyingine inayofanya kazi vizuri zaidi kuliko hiyo.

Jambo la pili ni majina, na hapa Kiswahili chetu kina utajiri tunaouacha ulale. Wakazi wengi wa jiji humwita kila mnyama wa jamii ya kima na tumbili nyani, ilhali mkitembea Nairobi mnaweza kukutana na wanne tofauti. Kima ni mzito, mweusi wa kijivujivu, mwenye ukosi mweupe shingoni, naye hupenda miti mikubwa yenye kivuli. Tumbili ni mwepesi, wa kijivu hafifu, mwenye uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe. Mbega ni mweusi mwenye shuka refu la manyoya meupe linaloning'inia mabegani na mkia wenye kishungi cheupe, na mikono yake haina dole gumba la maana. Nyani mwenyewe ana pua ndefu kama ya mbwa na huonekana zaidi akitembea ardhini. Wafundishe watoto majina haya kabla ya kutoka nyumbani, kisha waache wao ndio wakwambie wameona nani.

Kwa matembezi ya kwanza napendekeza Arboretamu, bustani ya miti iliyo karibu na Barabara ya Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ambayo ingetoa kuni za kuendeshea garimoshi, na ndiyo maana miti ya nchi mbalimbali imesimama pamoja katika eneo la takriban hekta 30. Ni ndogo kiasi cha mtoto wa miaka minne kuweza kutembea bila kubebwa, na ina nyasi za kutosha kutandika leso. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baadaye vikundi vya kwaya na maombi hujaa na ndege hutawanyika. Keti mahali pamoja kwa dakika ishirini. Dakika tano za kwanza watoto watalalamika. Ndege nao watakuwa wamenyamaza kwa sababu yenu. Kufikia dakika ya kumi, chozi atarudi kwenye ua alilokuwa akilinyonya, na kima wataanza kushuka.

Kuhusu kima hao nina onyo linalotokana na kosa langu mwenyewe. Siku moja niliwaacha watoto wafungue mkoba wa chakula tukiwa chini ya mti wenye kima, na kima dume akashuka, akanyakua andazi kutoka mkononi mwa binti yangu, akamkwaruza kidole. Jeraha lilikuwa dogo, lakini mkwaruzo wa mnyama wa mwituni si wa kupuuzwa. Tulikiosha kidole kwa maji mengi na sabuni, kisha tukaenda moja kwa moja hospitalini. Kima hakukosea, kwani alikuwa amezoezwa na watu wengi kabla yetu kwamba binadamu ni chakula. Kwa hiyo, kuleni kabla ya kuingia, au kuleni mbali na miti mkiwa mmefunga mikoba, na kamwe msimpe mnyama yeyote karanga wala ndizi hata mkiwaona wengine wakifanya hivyo. Hali ni hiyohiyo katika City Park kule Parklands.

Watoto wakishazoea kutulia, nendeni Karura. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 uko ndani ya jiji, na mzazi anayewapeleka watoto hapo anafaa kuwaeleza kwa nini bado upo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wa kujenga nyumba, na Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti kuzuia jambo hilo. Januari 1999 walishambuliwa langoni naye akaumizwa kichwani. Msitu ukaokolewa, na mwaka 2004 Wangari akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Nimezungumzia hayo na watoto tukiwa tumeketi juu ya gogo humohumo msituni, na maswali yao yalikuwa mazito kuliko niliyotarajia.

Kuna lango upande wa Barabara ya Limuru na lingine upande wa Kiambu, na matatu hupita karibu na yote mawili. Ada hulipwa kwa simu, basi hakikisha ina chaji. Chagueni lengo moja tu kwa siku, ama maporomoko ya maji na mapango waliyojificha Mau Mau, ama ziwa dogo la mayungiyungi. Anayetaka kuyamaliza yote siku moja na watoto wadogo atarudi amembeba mmoja mgongoni na mwingine akilia. Mbega waliohamishiwa hapo kutoka Kipipiri hukaa juu sana mitini, kwa hiyo tafuteni kwanza mkia mweupe unaoning'inia. Chini kwenye vichaka hupita paa wadogo sana, wasiozidi sungura mkubwa kwa urefu, nao huonekana na mtu anayetembea kimya tu. Nawashauri wenye watoto wa shule ya msingi wamtangulize mtoto mmoja kwa zamu, wengine wamfuate bila kuongea mpaka njia ipinde. Zamu hiyo ya kutangulia huwafurahisha kuliko baiskeli zinazokodishwa pale.

Katika mkoba wekeni maji kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu inayotumika tena na tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zinazolindwa nchini Kenya. Ongezeni sweta, kwani asubuhi ya Julai Nairobi huwa na baridi kali, na soksi ndefu za kuchomekea suruali. Siafu wakivuka njia, rukeni msimame mbali, msikanyage mstari wao. Mkirudi nyumbani, wakagueni watoto nyuma ya magoti na kwapani kama kuna kupe.

Darubini moja yatosha familia nzima. Mtoto wa chini ya miaka sita haoni kitu kupitia darubini, na kumlazimisha humchosha. Mwelekeze atafute kwa macho, akuoneshe kwa kidole, ndipo wewe uangalie. Mwenye umri mkubwa zaidi afundishwe kumkazia ndege macho na kuileta darubini usoni bila kuinamisha kichwa.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, inahitaji gari na bajeti zaidi, kwa hiyo naiona kuwa ya mara moja au mbili kwa mwaka. Familia tatu zikichanga kukodi matatu moja, gharama hushuka sana. Ingieni lango linapofunguliwa alfajiri, simba wangali wakitembea, na muepuke siku za mvua kubwa kwa kuwa udongo mweusi wa mle hunasa magari. Waambieni watoto mapema kwamba hamna ndovu mwituni humo, ila kuna vifaru, twiga, nyati na viboko. Kushuka garini kunaruhusiwa sehemu maalumu tu, mojawapo ikiwa ni pale zilipoteketezwa pembe za ndovu mwaka 1989, na tena tani 105 mwaka 2016.

Msimu nao ubadilishe mipango yenu. Mvua za Oktoba zinapoanza, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na asubuhi yake mbawa zao hutapakaa chini ya taa za barabarani. Wenye asili ya magharibi mwa Kenya watawaeleza watoto jinsi wanavyokaangwa, na mbayuwayu waliofika kutoka Ulaya watawaonesha jinsi wanavyodakwa hewani. Wakati wa likizo za shule, ambapo katikati ya wiki kuna nafasi, yapo matembezi ya kutazama ndege yanayoandaliwa na Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, asubuhi ya kila Jumatano, kuanzia Makavazi ya Taifa. Hapo mtoto atatembea na watu wazima wanaomtambua ndege kwa mlio kabla ya kumwona, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Kwa kuweka kumbukumbu, daftari la mazoezi la kurasa 48 linatosha. Kila mtoto aandike tarehe, saa, mahali, jina la mnyama au ndege mmoja, na jambo moja alilomwona akilifanya. Asiyejua kuandika achore. Jina lisipojulikana, aandike rangi, ukubwa akilinganisha na kuku au njiwa, na umbo la mdomo. Jumamosi inayofuata, fungueni ukurasa huo mkiwa chini ya mti uleule, muusome kwa sauti ya chini, kisha muanze kumtafuta huyohuyo.